Kuhe Asiye na Mkia

Ijumaa, tarehe 14 Machi, 1975. Mvua ilinyesha usiku kucha ikakatika alfajiri, na asubuhi ilikuwa ya ukungu mwembamba. Maji yalisimama katika mashimo ya barabara zote za Gongoni, na jua lilipochomoza lilikuwa jeupe, halina joto.

Eustadia alimalizia rozari yake njiani akielekea stesheni. Alikuwa na kikapu mkononi na ombi moja tu moyoni, kwamba treni ya Kigoma iwe imefika. Mchana ule Kornel, mchumba wa binti yake Pelagia, na wazee wake walikuwa wanakuja kutoka Puge kukamilisha maneno ya posa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alitaka samaki mwenye mkia.

Mkia, pale stesheni, ulikuwa na maana yake. Masolwa, mwuza samaki aliyejulikana kuliko wote nje ya uzio wa reli, alikuwa na desturi moja. Samaki wa Ziwa Tanganyika waliposhushwa na barafu yao, aliwauza wazima kwa bei kamili. Hao walinunuliwa na masista wa misheni, mabwana wa ofisi za mkoa na wenye hoteli. Waliobaki hadi kesho yake aliwakata mikia kwa panga, pigo moja la mshazari, akashusha bei hadi nusu. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba samaki mwenye mkia ni wa leo, na asiye na mkia amelala. Mteja wa bei kamili hakudanganywa, na maskini naye alipata kitoweo. Mikia ilitupiwa paka.

Karibu nusu ya Gongoni ilikula samaki wasio na mikia, lakini kwa kificho. Mwanamke alimfunika samaki wake kwa upande wa khanga, akifika nyumbani anamkatakata vipande kabla jirani hajachungulia. Eustadia peke yake hakufunika. Tangu alipofariki mume wake, aliyekuwa fundi wa reli, aliishi kwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni, na kwa vyakula vya jioni, vile vilivyoshushwa bei, alimlea Pelagia na kumsomesha hadi akawa karani. Alinunua samaki wa Masolwa. Alinunua nyanya zilizolegea ambazo Bachubai, mwenye duka la kona, aliziweka katika beseni mlangoni jua linapozama. Alinunua mkate wa juzi na maziwa yaliyoanza kuchacha, ambayo aliyageuza mtindi. Alijua kunusa, alijua kuosha kwa chumvi na ndimu, na hakuna aliyewahi kuumwa tumbo kwa mkono wake. Kila alipotenga chakula alifanya ishara ya msalaba akasema, "Asante, Bwana, kwa kilichobaki."

Watu walimwita Mama Bila Mkia. Waliomwita hivyo kwa sauti kubwa zaidi ni wale waliofunika.

Hata katika darasa la jioni la watu wazima, alikokwenda kujifunza kusoma ili aweze kufuata misa kwenye kitabu, jina hilo lilimfuata. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni neno "samaki" akataka kila mmoja atunge sentensi. Mtu wa dawati la nyuma akapaza sauti, "Samaki wa Eustadia hawezi kuogelea!" Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akageukia ubao mabega yakimtikisika. Eustadia alicheka pamoja nao, kisha akainama akaendelea kuandika.

Asubuhi ile alimkuta Masolwa amekaa juu ya tenga tupu, anachokonoa meno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Treni vipi?"

"Treni inaoga. Maji yamekata reli huko ng'ambo ya Kaliua. Labda Jumapili. Labda Pasaka."

"Leo nataka mwenye mkia, Masolwa. Nimekuja na bei kamili."

Masolwa alicheka hadi akakohoa. "Wewe? Miaka yote mikia ipo huitaki, leo haipo ndiyo unaitamani! Mama, wote nimewakata jana jioni. Na tenga zima kachukua yule mama wa Puge, yule mwenye mwanya na medali ya Bikira Maria kubwa kama sahani. Kila mara anapakia wasio na mikia kwenye basi, anawakausha kwa moshi, anawauzia wa kwao kama samaki wa daraja la kwanza. Samaki akishakauka, nani atauliza mkia?"

Akainama, akafunua gunia, akatoa kuhe mmoja mnene, samaki mkubwa wa ziwani. "Huyu nilimficha kwa ajili yako. Chukua kwa bei yako ya siku zote."

Eustadia alimfungua mashavu. Matamvua yalikuwa bado mekundu, macho hayajazama. Alikuwa samaki mzuri, na kasoro yake moja alifanyiwa na binadamu. Akamnunua.

Pelagia alikuwa anafagia ua. Alipoona kikapu aliweka ufagio chini.

"Mama, huyu hana mkia."

"Treni haikufika."

"Haikufika! Nilikueleza, kwa kina Kornel kichwa anapewa baba, mkia anapewa shangazi. Na neno la mwisho ni la shangazi. Nitamtengea nini? Kisiki?"

"Basi tupike maharage, mwanangu. Ni Kwaresima."

"Wametuma salamu wenyewe. Ijumaa hawali nyama, lakini tusiwalishe maharage kama mahabusu."

"Tuwaambie ukweli. Reli imekatika, dunia nzima inajua."

Pelagia alimtazama mama yake kwa namna ambayo Eustadia alikuwa hajawahi kuiona. "Ukweli wako ndio uliomfukuza yule wa kwanza. Watu walimfuata wakamwambia anaoa kwa Mama Bila Mkia. Umesahau? Mimi sijasahau. Kornel akiondoka na yeye, hatakuja mwingine. Nitazeekea hapa nakula mikate ya Bachubai na wewe."

Alitoka mbio bila kuaga. Aliporudi, gauni lake lilikuwa na matope hadi magotini, na mkononi alishika kitu kilichofungwa katika gazeti. Akakifungua juu ya jiwe la kufulia. Ulikuwa mkia wa kuhe.

"Nimemnyang'anya paka," alisema. "Ni mzima. Ushone."

"Pelagia."

"Mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Ushone, mama, halafu umfunike kwa mchuzi wa karanga. Nani atauona?"

"Huu ni uongo, mwanangu. Na leo ni Ijumaa."

"Mungu anajua treni haikufika," Pelagia alisema, sauti ikamkatika, na machozi yakaanza.

Eustadia aliuosha mkia kwa chumvi na ndimu mara kadhaa. Akachukua sindano ya kushonea mashuka na uzi mweupe. Alishona taratibu, mishono midogo, kama anavyoshona pindo. Alianza kuomba, "Ee Bwana, uufiche…" kisha akanyamaza, maana aliona haya kumwomba Mungu jambo kama hilo. Alimkaanga kuhe kwa moto wa polepole, akasaga karanga, akaziponda ndani yake nyanya za Bachubai, akamwagia mchuzi mzito kuanzia shingoni hadi mkiani.

Wageni waliingia baada ya saa sita, viatu vyao vimejaa tope la safari. Mbele alikuwa Raymundi, baba yake Kornel, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. Nyuma yake Kornel katika shati la mikono mirefu. Wa mwisho aliingia shangazi, Apolinaria, dada mkubwa wa Raymundi. Alipocheka kumjibu Pelagia shikamoo, Eustadia aliona mwanya. Kifuani ilining'inia medali ya Bikira Maria, kubwa, inayong'aa. Na alipomkumbatia, khanga zake zilinuka moshi wa samaki.

Eustadia alijua amemkumbatia nani. Alisema tu, "Karibu, mama. Karibuni nyumbani."

Upande wa Eustadia alikuwepo Mahona, balozi wa nyumba kumi. Mashemeji wa Eustadia, ndugu za marehemu mume wake, ambao ndio hasa wangestahili kukaa pale, walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya huko Ipole, na ruhusa ya kusafiri walikuwa hawajapata. Mahona alikuwa amevaa koti, na tangu aingie macho yake hayakutoka kwenye mlango wa jikoni.

Apolinaria alizungusha macho chumbani. "Nyumba ndogo," alisema, "lakini inanukia sabuni. Ndiyo kazi yako, sivyo, mama Pelagia? Kufua walikolala wengine?"

"Ndiyo, mama."

"Si haba. Mikono safi."

Sinia lililetwa. Kuhe alilala juu ya wali mzima mzima, kichwa huku, mkia kule, mchuzi umemfunika kama shuka. Kornel alitabasamu. Mahona alimeza mate. Apolinaria ndiye aliyeongoza sala ya kabla ya chakula, akairefusha, akawaombea wenye njaa wa nchi nzima na akaomba nyumba zote ziepushwe na hila za shetani. Wakaitika amina.

Pelagia alikata kichwa akampa Raymundi. Kisha akausukuma upande wa mkia mbele ya shangazi. Apolinaria alimtazama binti kabla hajautazama mkia. Akashika mkia kwa vidole viwili, akavuta. Mkia ulikuja, na nyuma yake ukaja uzi, mrefu, mweupe, unadondosha karanga.

Apolinaria aliuinua juu, mkia ukazunguka kwenye uzi.

"Kornel," alisema, "huyu samaki alilazwa hospitali kabla ya kuletwa mezani?"

Mahona alipaliwa na kicheko, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nauliza tu. Maana naona ameshonwa. Alipasuliwa tumbo au alizaa kwa shida?"

"Shangazi," Kornel alinong'ona.

"Nyamaza wewe, unaozeshwa." Akauweka mkia ukingoni mwa sinia, akainama, akatazama mahali ulipotoka. "Na mkato huu naujua. Wa mshazari. Huu ni mkato wa Masolwa wa stesheni. Samaki wa kulala! Wametulisha samaki wa kulala, Raymundi, na mkia wa maiti mwingine!"

Hakuna aliyejiuliza mama wa Puge amejuaje panga la Masolwa. Eustadia alijua. Alifungua mdomo. Neno moja lingetosha. Angeuliza tu tenga la jana limefika salama, na uso ule ungeanguka mbele ya mdogo wake, mbele ya balozi, mbele ya kijana aliyemlea. Lakini alimwona Pelagia. Binti yake alikuwa amekaa mkekani macho yamemtoka, anamtazama si kama mtu anayeomba msaada, bali kama mtu anayekataza. Eustadia akaelewa. Mwanamke huyu akiaibishwa hapa atasimama na kuondoka, na Kornel ataondoka nyuma yake. Akaufunga mdomo.

"Nani alishona?" Apolinaria aliuliza.

Pelagia aliinamisha kichwa, akaanza kuchomoa ukindu wa mkeka.

"Mimi," Eustadia alisema. "Mkono ni wangu. Reli imekatika, mama. Samaki ni mzima, nilimkagua mwenyewe. Mkia ndio uongo, na nakuomba radhi."

"Umesikia, balozi? Ametubu kabla hata Padre hajafika."

Akachota tonge. Hilo ndilo lililomshangaza Eustadia kuliko matusi, kwamba Apolinaria alikuwa anakula. Alikula kwa utulivu, akachambua minofu ya mgongoni, akafyonza miiba mmoja mmoja, na kila alipomaliza kufyonza alitoa neno.

"Sikilizeni," alisema. "Ng'ombe tuliowataja, tuliwataja juu ya binti mwenye mkia wake. Leo tumeona nyumba hii inavyouza. Huyu mtoto ana umri gani? Na kuna mchumba alikuja akamwacha, au mlifikiri Puge hatusikii? Basi na yeye amelala. Wa jana. Kwa nini tulipe bei ya asubuhi?"

"Dada," Raymundi alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa cha kuhe, "leo Ijumaa."

"Ndiyo maana nasema polepole. Tutatoa nusu. Mama mwenyewe anajua, kitu kikishapita siku yake ni nusu bei. Au si ndivyo ununuavyo, mama Pelagia? Leo uza kama unavyonunua."

Mahona alimgeukia Eustadia. Mdomo wake uling'aa mafuta. "Mama, unasemaje? Mimi naona bado ni heshima. Wangeweza kuondoka kabisa."

Eustadia hakuwa na haja ya ng'ombe. Wangegawanywa kwa mashemeji wale wale walio Ipole. Lakini alimtazama binti yake ili aone kama neno lile limemchoma, na aliona kwamba Pelagia ameshusha pumzi. Nusu bei ilimaanisha wanamchukua.

"Sawa," Eustadia alisema. "Nusu."

"Bado," Apolinaria alisema. Sinia sasa lilikuwa na miiba tu, na ule mkia ukingoni. Akanawa mikono, akajifuta kwa khanga, akashika medali yake. "Kornel ni mtoto wangu, nimemlea kwa mikono hii baada ya mama yake kufa. Watoto wake hawatalishwa majalala. Nataka mama huyu aape, hapa, balozi akisikia, kwamba hatapika kitu kikaingia mdomoni mwa mjukuu wetu hata mmoja. Asilete sufuria kwao. Na wao wakienda kwake wasile. Aape juu ya medali hii, nasi tunamchukua binti baada ya Pasaka."

Nje paka alikuwa analia mlangoni, amefuata harufu.

Katika miaka yote ya mashuka na vyakula vya jioni, jambo alilojiahidi Eustadia lilikuwa moja, kwamba ipo siku atawapikia wajukuu. Hata usiku uliopita, akiwa amepiga magoti kitandani, alikuwa amemwambia Mungu atawapikia uji wa ulezi kwa maziwa mabichi, ya asubuhi.

"Mama," Kornel alisema kwa upole, akimtazama shangazi yake kwanza, "ni maneno tu. Sema, yataisha."

"Kornel, mwanangu, kwangu si maneno tu."

Aligeuka. "Pelagia. Wewe umelishwa na mkono huu. Umewahi kuumwa?"

Pelagia hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kuchomoa ukindu. Katika mkunjo wa gauni lake, karibu na goti, lilibaki bado doa la tope la stesheni ambalo hakuwahi kulifuta.

"Sema tu, mama," alisema. "Watachelewa Njia ya Msalaba."

Raymundi alikohoa. Mahona akafunga vifungo vya koti lake, kama mtu anayejiandaa kusikia jambo la serikali. Apolinaria akanyoosha medali mbele, mnyororo ukiwa bado shingoni mwake, hivi kwamba mwenye kuigusa ingempasa apige magoti mbele yake.

Eustadia alisimama. Akajifuta mikono kwa khanga, ingawa haikuwa na maji.

"Medali siigusi," alisema. "Bwana wetu alitukataza kuapa. Lakini nikisema ndiyo, ni ndiyo mpaka kaburini."

Akavuta pumzi, akawatazama mmoja mmoja, akaishia kwa binti yake.

"Balozi Mahona, sikia. Baba Raymundi, shangazi, Kornel, sikieni. Na wewe mwanangu, usikie. Mimi Eustadia naahidi mbele yenu na mbele ya Mungu aliyeona kila kilichofanyika leo katika nyumba hii: sitawapikia watoto wa Pelagia, wala chakula cha mkono wangu hakitaingia vinywani mwao. Wakija kwangu na njaa, nitawapa maji ya kunywa, na nitawarudisha kwa mama yao."